Kutafuta tiketi nafuu ya kwenda ng'ambo ukiwa Lubumbashi: mwongozo kamili

Anayetafuta tiketi ya ng'ambo kutoka Lubumbashi ana kikwazo ambacho mwenzake wa Nairobi au Johannesburg hana. Kampuni za ndege za nje zinazotua Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ni chache, na viti vingi vinachukuliwa na makampuni ya migodi, ambayo yako tayari kulipa bei yoyote mradi mhandisi wao afike Kolwezi kwa wakati. Mama anayekwenda Guangzhou kuchukua bidhaa, papa anayekwenda Brussels kumwona mjukuu, kijana aliyepata nafasi ya chuo Uturuki, wote wanagombea viti hivyohivyo kwa pesa waliyoidunduliza. Bei nafuu ipo, lakini inataka kazi, na kazi hiyo ina mpangilio: karatasi kwanza, kisha uwanja wa kuondokea, kisha tarehe na mizigo, malipo mwisho. Wengi wanaanza na bei, wanafurahia tiketi ya rahisi, halafu karatasi zinawakwamisha na tiketi inapotea yote.

Hatua ya kwanza: karatasi

Fungua pasipoti uangalie tarehe ya mwisho. Nchi nyingi zinataka ibakiwe na miezi 6. Kisha angalia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha yote, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kadi yako imeisha kwa sababu imepita miaka 10. Ila kama ndiyo kwanza unachanjwa, kadi inaanza kukubalika siku 10 baada ya sindano. Hesabu siku hizo kabla ya kuchagua tarehe ya kuondoka.

Viza ya unakokwenda inatangulia malipo ya tiketi. Kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, na jibu la kawaida huchukua siku 15 lakini linaweza kufika siku 45. Kinachotakiwa kwenye faili ni rizavesheni ya ndege. Hakuna anayekulazimisha uwe umeshalipa tiketi kamili. Ajansi nyingi za tiketi mjini zinaweza kukutengenezea rizavesheni ya kushikilia nafasi. Akija mtu kukuambia ulipe tiketi nzima isiyorudishwa pesa kabla viza haijatoka, kataa.

Sasa jambo linalowaumiza Wakongomani wengi, nalo linataka kusomwa polepole: viza ya kupita. Kongo ni moja ya nchi 12 ambazo raia wao wanahitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi zote za Schengen, hata kama hawatoki nje ya uwanja, hata kama wanakaa saa 2 tu kusubiri ndege ya pili. Maana yake, tiketi ya Lubumbashi hadi Montréal inayopitia Paris au Frankfurt inaweza kuonekana rahisi kuliko nyingine kwa tofauti ya dola 200, lakini bila karatasi sahihi utazuiliwa hapahapa Luano, kaunta ya kwanza. Kuna wanaosamehewa: mwenye viza au kibali cha ukazi cha nchi ya Schengen, na mwenye viza halali ya Marekani au Kanada, miongoni mwa wengine. Uingereza nayo ina viza yake ya kupita, na pasipoti ya Kongo imo kwenye orodha. Kama huna viza hizo, tafuta njia inayopitia Addis Ababa, Nairobi, Istanbul, Doha au Dubai, ambako abiria anayebaki ndani ya uwanja akiwa na tiketi moja hadi mwisho kwa kawaida hupita bila viza. Ukiona tiketi inabadilisha ndege mara mbili, uliza juu ya kila uwanja peke yake.

Hatua ya pili: utaondokea wapi?

Hapa ndipo pesa nyingi inapookolewa au kupotezwa. Mtu wa Lubumbashi ana milango mitatu ya kweli, na wa nne wa kufikiriwa.

Luano ni mlango wa nyumbani. Ethiopian inakupeleka Addis Ababa, Kenya Airways Nairobi, na kuna ndege za Johannesburg. Kutoka Addis unafika karibu kila mahali wafanyabiashara wetu wanakokwenda: Guangzhou, Dubai, Mumbai, Brussels, Washington. Kodi ya uwanja wa ndege, yaani herufi tatu za kuutambulisha, ni FBM, nayo ndiyo utakayoandika kwenye programu za kutafutia.

Ndola, kodi NLA, iko Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Unapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe, unafika. Uwanja wake mpya, Simon Mwansa Kapwepwe, ulifunguliwa 2021, na Ethiopian inatua pale pia. Ajabu ni kwamba ndege ileile ya Addis kwenda Guangzhou inaweza kuuzwa kwa bei mbili tofauti, kutegemea kama ulipandia Luano au Ndola, kwa sababu kampuni inapanga bei kwa soko la kila mji. Pale ambapo wateja wa migodi wanalipa bila kuuliza, bei inapanda.

Lusaka, kodi LUN, ni mbali zaidi, lakini ndiko kwenye ushindani. Emirates, Qatar Airways na Turkish Airlines zote zinakwenda huko, pamoja na Ethiopian, Kenya Airways na RwandAir. Penye kampuni nyingi bei inashuka, hilo halina mjadala. Anayekwenda Dubai, Istanbul au Ulaya asikubali kulipa kabla ya kuangalia Lusaka.

Kinshasa ndio mlango wa kufikiriwa. Ndege za Ulaya zipo pale, ndiyo, lakini barabara ya kukufikisha huko haipo kwa mtu mwenye haraka. Utalipa ndege ya ndani, na ikichelewa, ile ya kimataifa haikungoji. Ninaishauri tu kwa mwenye shughuli nyingine Kinshasa, mfano viza yake inashughulikiwa huko, na anayeweza kulala usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda. Akumbuke pia kwamba saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya mahali ndege inapoondokea.

Usilinganishe tiketi. Linganisha safari nzima, kutoka mlango wa nyumba yako hadi mlango wa unakofikia. Chukua karatasi. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, tiketi ya Istanbul kutoka Luano ni dola 1,150 na kutoka Lusaka ni dola 820. Tofauti ni 330. Andika upande wa pili: basi kwenda na kurudi 80, usiku mmoja wa kulala 40, chakula 30, taksi 30. Jumla 180. Umebaki na 150. Kama bei ya Luano haikuweka ndani Go Pass, yaani ada ya uwanja kwa kila abiria, ambayo kwa safari za nje ilikuwa dola 50 kwa miaka mingi, basi kwa hesabu ya dola 50 hizo unaokoa 200. Uliza hilo waziwazi ajansi: Go Pass imo ndani ya tiketi au nitalipa uwanjani? Ongeza pia gharama yoyote ya kuingia Zambia kwa pasipoti yako. Masharti hayo yanabadilika, yaangalie wiki ile unayonunua.

Dola 200 kwa mwanafunzi mwenye begi moja ni pesa ya kweli. Kwa mama anayerudi na mabegi manne ya nguo, hesabu inageuka. Akitua Ndola au Lusaka, bidhaa zake zitapita forodha ya Zambia, kisha forodha ya kwetu, DGDA, pale Kasumbalesa, na kila mkono unaobeba begi unataka chake. Huyo atue Luano, hata kama tiketi ni ghali kidogo. Na mtu yeyote anayepita Kasumbalesa avuke siku moja kabla ya ndege. Ile foleni ya malori unaijua. Lori moja likizima katikati ya barabara, siku yako imekwisha, na kampuni ya ndege haitakulipa chochote, maana kwao wewe ni abiria wa Ndola ambaye hakufika.

Hatua ya tatu: kutafuta bei mwenyewe

Hata kama utanunua kwa ajansi, tafuta bei kwanza kwenye simu yako. Anayeingia ofisini akijua bei hauziwi chochote tu.

Anza na Google Flights. Weka sarafu iwe dola. Kwenye mahali pa kuondokea andika FBM, kisha ongeza NLA na LUN palepale, maana inakubali viwanja kadhaa kwa pamoja. Andika unakokwenda, kisha fungua kalenda. Utaona bei chini ya kila siku, na siku za rahisi zina rangi ya kijani. Sogeza safari kwa siku mbili au tatu mbele na nyuma uone bei inavyocheza. Baada ya hapo washa taarifa ya bei, na itakutumia ujumbe bei ikipanda au kushuka. Skyscanner ina kitu kizuri cha kutafuta mwezi mzima. Tumia zote mbili, kwa sababu hazioni bei zilezile. Ukishapata ndege unayoitaka, ingia tovuti ya kampuni yenyewe ulinganishe.

Tafuta kwa abiria mmoja kwanza, hata kama mnasafiri wanne. Ndani ya ndege viti vya daraja la kawaida vimegawanywa katika ngazi za bei. Ngazi ya chini ikiwa na viti 2 tu na wewe ukaomba 4, mfumo mara nyingi unawapandisha wote wanne kwenye ngazi ya juu. Ukiona bei ya mtu mmoja ni ndogo kuliko ya wanne ukigawanya, nunua wawili kwanza, kisha wawili wengine. Familia inaweza kuokoa pesa nyingi kwa dakika tano hizo. Kama kuna watoto, hakikisha kila mmoja yuko kwenye rizavesheni moja na mtu mzima.

Ngazi hizohizo ndizo zinazofanya bei ipande kati ya asubuhi na jioni. Watu wanasema simu inakupeleleza, ikiona unatafuta sana inapandisha. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba viti vya ngazi ile vimekwisha.

Angalia mambo mengine mawili. Tiketi ya kwenda tu, kwenye njia zetu, mara nyingi inakaribia bei ya kwenda na kurudi, kwa hiyo linganisha zote mbili. Lakini ukinunua ya kwenda na kurudi, usiruke safari ya kwanza kwa kudhani utatumia ya kurudi. Usipotokea mwanzoni, kampuni inafuta zote zilizobaki. Na mfanyabiashara anayetaka kuingia Guangzhou na kurudi kupitia Dubai atumie sehemu ya miji mingi, anunue tiketi moja yenye miji yote. Tiketi tatu tofauti zikivunjika katikati, kila kampuni itakuambia si kosa lake.

Tovuti nyingine, kama Kiwi.com, zinaunganisha kampuni mbili zisizojuana ili bei iwe ndogo. Kwenye Addis au Dubai utalazimika kutoka, kuchukua begi, kuingia upya, na hapo viza ya nchi ile inahitajika. Kwa pasipoti yetu, nashauri uache kabisa.

Tarehe

Ghali kuliko yote ni katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, na Julai na Agosti, wakati ndugu zetu wa Ubelgiji na Ufaransa wanakuja likizo na wengine wanakwenda. Juni ina jambo letu wenyewe: DRC Mining Week inajaza hoteli na ndege za Lubumbashi, kwa hiyo wiki hiyo usiwe na safari kama unaweza. Mwisho wa Januari hadi Machi, Mei, na Oktoba hadi Novemba, kwa kawaida hupumua.

Kwa China kalenda ni nyingine. Maonyesho ya Canton Fair hufanyika katikati ya Aprili hadi mwanzo wa Mei, na tena katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Viti na hoteli za Guangzhou vinapanda. Na usikubali tiketi ya rahisi inayokufikisha China wakati wa Mwaka Mpya wao, Januari au Februari: viwanda na maduka ya jumla vimefungwa, utalipia hoteli ukiangalia milango ya chuma.

Nunua miezi 2 hadi 4 kabla kwa safari za kawaida, na mapema zaidi kwa Desemba. Kungoja wiki ya mwisho ukitegemea bei itashuka hakufai Luano. Wiki ya mwisho ndiyo wiki ya makampuni ya migodi.

Mizigo

Bei ndogo inaweza kuwa ya tiketi isiyo na begi. Soma mstari wa mizigo kabla ya kufurahi. Kwa wanaokwenda kununua bidhaa, tofauti kati ya begi moja la kilo 23 na mabegi mawili ya kilo 23 inaweza kuzidi tofauti yote ya bei mliyoipigania. Begi la ziada linalolipiwa mapema mtandaoni kwa kawaida ni rahisi kuliko linalolipiwa kaunta. Begi likizidi kilo 32, kampuni nyingi hazilipokei hata kwa pesa.

Kulipa bila kuibiwa

Kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya hapa inafanya kazi kwenye tovuti nyingi za ndege, lakini iombe benki iifungue kwa malipo ya mtandaoni na kiwango kinachotosha. Kama inakataliwa mara mbili, usirudie mara kumi, itafungwa. Nenda ofisi ya kampuni mjini au ajansi, ulipe taslimu. Noti za dola ziwe safi, zisizochanika, maana unajua zinavyogeuzwageuzwa kwenye mwanga.

Ajansi nzuri inastahili ada yake, hasa tarehe ikibadilika au ndege ikifutwa. Ila kuna matapeli, wengi wa kwenye WhatsApp, wanaotoa karatasi yenye ndege, tarehe na jina lako, wakati nyuma yake hakuna tiketi. Rizavesheni na tiketi ni vitu viwili. Rizavesheni ina kodi ya herufi na namba 6. Tiketi ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za kampuni: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 176 Emirates, 157 Qatar Airways, 235 Turkish, 082 Brussels Airlines. Kabla hujatoka ofisini, fungua simu, ingia tovuti ya kampuni ya ndege, weka kodi na jina la ukoo. Ndege zako zikionekana na namba ya tarakimu 13 ipo, umenunua. Namba hiyo isipokuwepo, umelipia ahadi. Mwambie kwa heshima, «Yaya, nangojea namba ya tiketi,» na ukae kitini mpaka itoke. Mwuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kisha jina. Sisi tuna jina, postnom (jina la pili) na jina la ubatizo, na hapo makosa yanazaliana. Usifuate kadi ya mpiga kura wala unavyoitwa kanisani. Angalia mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti. Tuchukue jina la kubuni: P<CODILUNGA<KABEDI<<MARIE. Alama mbili << zinatenganisha. Kilichoko kabla yake, baada ya COD, ndicho jina la ukoo: ILUNGA KABEDI. Kilichoko baada yake ndicho jina la kwanza: MARIE. Andika hivyohivyo. Kosa la herufi moja kwa kawaida linarekebishwa, lakini jina likiwa limegeuzwa kabisa unaweza kuombwa kununua tiketi nyingine.

Omba pia masharti ya kubadilisha na kurudisha pesa, yaliyoandikwa. Mara nyingine tiketi inayozidi kwa dola 60 inaruhusu kubadilisha tarehe, na kwa mtu ambaye viza au mgonjwa wake vinaweza kumchelewesha, hizo ndizo dola 60 bora kuliko zote. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, sheria yao inakupa saa 24 za kufuta na kurudishiwa pesa yote ukinunua moja kwa moja kwa kampuni ya ndege siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, isipokuwa pale kampuni inapotoa saa hizo za kushikilia bei bila malipo.

Baada ya kununua

Kampuni hubadilisha saa za ndege bila kukutafuta, hasa kama ajansi iliweka namba yake ya simu badala ya yako. Hakikisha barua pepe na simu zilizomo ni zako. Angalia rizavesheni kila wiki mbili, na kila siku wiki ya mwisho. Kampuni ikisogeza ndege kiasi cha kukukosesha ya pili, haki yako ni kupangiwa upya bila kulipa, na mara nyingi unaweza kuchagua siku inayokufaa zaidi.

Unaporudi kutoka Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inakulinda hata kama ndege ni ya Afrika, mradi imeondokea kiwanja cha Umoja huo. Ndege ya Brussels ikikufikisha mwisho wa safari kwa kuchelewa saa 3 au zaidi, na sababu ni ya kampuni yenyewe, fidia ya safari ndefu kama yetu inaweza kufika euro 600 kwa kila abiria. Dai hilo liandike mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, ukiambatanisha kadi ya kupandia ndege. Kwa hiyo kadi hiyo usiitupe ukifika Luano.